Kupanda mlima wa Makonde kwa baiskeli bila kusukumwa na malori

Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Masasi ameniandikia: "Shikamoo mzee. Nimejinunulia baiskeli ya resi ya mtumba, ile ya usukani uliopinda kwenda chini. Nimeona kwenye simu wenzetu wa Ulaya wakifungiwa barabara ya bonde la milimani, baiskeli tupu, gari hata moja halipiti. Mimi nikitoka hapa kuelekea Ndanda malori yananisukuma mpaka mtaroni. Kwetu huku kuna barabara ya namna ile? Baiskeli yangu itaweza kunipandisha mpaka Newala? Na sisi hatuwezi kuomba tufungiwe barabara walau mara moja kwa mwaka? Na samahani mzee, mwanamke kama mimi avae nini?"

Marahaba, Mwalimu. Umeuliza mambo matatu makubwa na moja dogo la mavazi, na nitaanza na malori, maana nimeona watu wengi wakining'iniza baiskeli zao ukutani baada ya kuponea chupuchupu mara mbili tu. Sitaki yako iishie huko.

Barabara unayoisema, ya Masasi kwenda Ndanda, Nyangao, Mtama hadi Mnazi Mmoja, inafuata bonde la mto Lukuledi. Upande wa kusini unaandamana na mlima wa Makonde, kaskazini ziko nyanda za Rondo, na mto unateremka kwenda kumwaga maji Lindi. Kwa jicho la mwendesha baiskeli bonde hilo ni zuri kupita kiasi: lami, miteremko ya taratibu, miembe pembeni, mlima umekaa kama ukuta. Lakini bonde hilohilo ndilo mlango wa kusini. Kinachotoka Songea na Tunduru kwenda bandari ya Mtwara kinapita humo. Tangu makaa ya mawe ya kule Mbinga yaanze kupakiwa meli Mtwara, malori ya tela yameongezeka mno, na kuanzia Oktoba yanaongezeka ya korosho kutoka maghalani. Lami ni ya magari mawili kupishana, basi. Ukingo wake sehemu nyingine umeliwa na mvua ukabaki kama mkate ulioumwa, na kutoka hapo kushuka kwenye bega la changarawe ni kina cha kiganja. Dereva wa semi akikupita huku lingine linakuja mbele yake, hana pa kwenda, na wewe huna. Simlaumu yeye wala wewe. Barabara ile haina nafasi ya watu watatu.

Kwa hiyo jibu la kwanza: usiitafute raha yako kwenye barabara kuu ya bonde. Itumie kwa vipande, kwa saa maalumu, kukufikisha kwenye njia unayoitaka, kisha iache.

Njia unayoitaka utaijuaje? Mimi nina kipimo rahisi. Nauliza barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS, na hizo ndizo malori hupita kwa sababu zinaunganisha mikoa na bandari. Zile za wilaya na vijiji, zinazokwenda kwenye shule, zahanati, ghala la chama cha msingi, kisha zinaishia hapo au zinazunguka kurudi, zipo chini ya TARURA tangu wakala huo uanzishwe mwaka 2017. Lori la makaa ya mawe halina shughuli kijijini. Kwenye barabara ya TARURA utakutana na bodaboda, pikapu ya mwenye duka, fuso moja la mahindi, na nje ya msimu wa korosho unaweza kwenda saa nzima husikii injini. Lami yenyewe ni adimu. Nyingi ni za changarawe na udongo. Ndiyo gharama yake, na nitakuambia jinsi ya kuilipa.

Hapo Masasi una bahati ambayo watu wa Dar wangeinunua kwa fedha. Mji umezungukwa na milima ya mawe, ile miamba mikubwa ya kijivu iliyosimama peke yake kama tembo waliolala. Kati ya mwamba na mwamba kuna vijia na barabara za vijiji tele. Toka upande wa Mtandi alfajiri, kata kulia au kushoto mahali popote penye njia pana ya gari moja, na baada ya dakika kumi hakuna tela litakalokufuata. Wiki nne za kwanza nakuomba ufanye mazoezi huko tu. Usiende Newala. Zunguka mawe hayo mara tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, mpaka mikono izoee usukani ule uliopinda na mpaka uweze kutazama nyuma ya bega bila baiskeli kuyumba. Hilo la mwisho ni zoezi, na watu hawalifanyi. Nenda mahali pa wazi, endesha juu ya mstari, geuza kichwa mpaka kidevu kiguse bega, soma kitu kilicho nyuma yako, rudisha kichwa. Ukikuta umetoka kwenye mstari, rudia. Siku utakayolazimika kurudi kwenye barabara ya bonde, zoezi hilo ndilo litakalokukinga kuliko kofia.

Kofia pia vaa.

Sasa saa. Huku kwetu njia tupu inapatikana kwa saa kuliko kwa ramani. Mwezi wa sita jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu, Desemba linawahi, saa kumi na mbili kasoro. Kuanzia mwanga wa kwanza mpaka kama saa mbili na nusu una baridi, upepo umelala, na njia za vijiji zina watu wanaokwenda shambani tu. Ikigonga saa nne upepo wa baharini umeamka na unapanda na bonde; ukiwa unaelekea upande wa Lindi unakupiga usoni, na kilomita kumi zinakuwa ishirini. Usitoke gizani kukwepa malori. Mabasi ya Dar yanaondoka alfajiri na madereva wanakimbizana na ratiba, na baiskeli isiyo na taa nzuri haionekani kabisa kwenye lami nyeusi. Subiri mpaka uone mistari ya kiganja chako, ndipo utoke.

Msimu nao una neno. Mvua zetu ni za mkupuo mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Wakati huo udongo mweusi wa bondeni unashika tairi kama ugali, unajaza nafasi kati ya gurudumu na breki mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Njia za mlimani zina mchanga, zinakunywa maji haraka, lakini zinachimbika makorongo. Mimi naona miezi mizuri ni Juni, Julai na Agosti: njia zimekauka, hakuna joto, na korosho bado zipo mtini. Septemba vumbi linazidi. Oktoba mpaka Januari minada inaendelea na hata njia za vijiji zinapata malori, basi miezi hiyo wape nafasi watu wachume riziki yao.

Tuje Newala. Ndiyo, baiskeli yako itapanda, lakini si kama ilivyo.

Mlima wa Makonde si mlima wa kilele. Ni uwanda ulioinuliwa. Upande wa baharini unapanda polepole sana, ukitokea Mtwara utafika Newala bila kujua umepanda lini. Upande wetu wa magharibi uwanda umekatika ghafla, na kutoka chini hadi juu kuna mita mia tatu, nne, kutegemea umepandia wapi. Newala imekaa juu ya ukingo huo. Barabara ya Masasi hadi Newala kwa njia ya Nagaga ni kama kilomita 70, na sehemu kubwa ni mabonde na vilima vya kawaida. Mpando wenyewe ni kipande kifupi kikali kabla ya kufika juu. Barabara nzima ya Mtwara–Newala–Masasi ina kilomita 210 na inawekwa lami kwa vipande. Kile cha mwanzo, kilomita 50 kutoka Mtwara hadi Mnivata, kilishakamilika. Penye ujenzi kuna kokoto zilizomwagwa upya, magari ya maji na vichepuko vya vumbi. Kabla hujatoka, mpigie mtu aliyepita juzi. Ramani ya simu haijui kwamba greda limepita jana.

Hebu tuhesabu gia. Baiskeli nyingi za resi za mtumba zinazofika huku zina sproketi za meno 52 na 42 mbele, na nyuma ndogo ina 13, kubwa 23. Ukitumia 42 mbele na 23 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara 1.8 hivi, na gurudumu moja likizunguka linakwenda mita 2.1. Maana yake kila mzunguko wa pedeli ni karibu mita 3.8. Kwenye mpando mkali wewe utakwenda kilomita 10 kwa saa, si zaidi, yaani mita 167 kwa dakika. Gawanya: utazungusha pedeli mara 44 kwa dakika. Hiyo si kuendesha, ni kupanda ngazi umebeba gunia, na baada ya dakika ishirini magoti yatakuambia. Mtu anapaswa kuzungusha mara 60, 70 au zaidi.

Dawa ipo gereji yoyote ya baiskeli hapo Masasi, na si ghali. Itazame friwili yako, lile fungu la sproketi za nyuma. Kama ni ile ya kuskurubu kwenye habu, kitovu cha gurudumu, mwambie fundi akufungie friwili ya meno 14–28, zile za baiskeli za mlimani za kawaida. Ukiwa na 42 na 28 kila mzunguko unakuwa mita 3.15, na kwa mwendo uleule unazungusha mara 53. Ni nzito bado, lakini inapandika. Ukipata na krenki, mikono ya pedeli, yenye sproketi ndogo zaidi mbele, ndiyo nafuu kamili: 34 mbele na 32 nyuma, kwa mfano, ni mita 2.2 tu kwa mzunguko, sawa na mara 75 kwa dakika. Sharti moja: ukiongeza meno nyuma, cheni inaongezwa pingili. Fundi akisahau, ukaweka gia kubwa mbele na kubwa nyuma kwa pamoja, cheni itakaza na kung'oa mkono wa gia. Mwambie aijaribu gia hiyo mbele yako, baiskeli ikiwa imening'inizwa, kabla hujamlipa.

Matairi vilevile. Yale membamba ya milimita 23 yanakata mchanga kama kisu. Pima nafasi kwenye uma na chini ya breki. Ikikubali 28 weka 28, ikikubali 32 shukuru Mungu. Usijaze upepo mpaka tairi liwe jiwe. Kwenye changarawe tairi lililolegea kidogo linashika, tairi gumu linaruka. Bonyeza kwa dole gumba kwa nguvu zako zote. Likibonyea kidogo kama embe bolibo linaloanza kuiva, panatosha.

Kupanda kwenyewe sina mengi. Anza polepole kuliko unavyotamani. Kipimo ni mdomo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, mwendo ni huo. Ukishindwa, punguza au shuka usukume, na kusukuma hakumpunguzii mtu heshima. Maji beba chupa mbili za lita moja, usihesabu kuyapata juu. Uwanda wa Makonde ni mchanga mtupu, mvua inazama chini moja kwa moja na kutokeza chini ya ukingo kama chemchemi. Ndiyo maana Ndanda, iliyo miguuni pa mlima, ina maji ya kusifika, na ndiyo maana bibi zetu wa Newala walikuwa wakishuka mlima mzima kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Chakula chukua tunachokula siku zote: ndizi, mihogo ya kuchemsha, korosho za kukaanga. Ukimkuta mama anauza ming'oko njiani, simama. Ni chakula cha pori, kinatafunwa taratibu na kinakaa tumboni muda mrefu. Kula kabla njaa haijaja, kila nusu saa kidogo.

Kushuka ndiko ninakotaka unisikilize, Mwalimu. Watu wote wanaogopa kupanda, na wote wanaoumia wanaumia wakishuka.

Chukua mtu na baiskeli na maji yake, kilo 80. Akishuka mita 350 kwa mwendo mdogo, akiwa amebana breki muda wote, nguvu yote ya mteremko inageuka joto kwenye raba na rimu. Joto hilo linatosha kuchemsha karibu lita moja ya maji, chai ya watu watatu au wanne. Limeingia kwenye ringi mbili nyembamba za bati, na ndani ya ringi hizo kuna tyubu.

Lilinipata nikiwa kijana. Nilikuwa nashuka kutoka Newala, nikaogopa kasi, nikashika breki ya mbele kuanzia juu, sikuiachia hata mara moja. Tyubu ya mbele ilikuwa na kiraka nilichokibandika mwenyewe wiki ileile. Rimu ilipopata moto solusheni ikalainika, kiraka kikateleza, upepo ukatoka wote mara moja na mimi nipo katikati ya kona. Nilikwenda chini ubavu wa kushoto, nikaburuzwa kwenye changarawe hadi ukingoni, na nilipokaa nikagusa rimu kwa bahati mbaya, ikaniunguza kidole. Kovu la kiwiko bado ninalo. Tangu siku hiyo nina amri tatu kwa kila ninayemfundisha. Tyubu yenye kiraka haikai gurudumu la mbele kwenye safari ya mlimani, weka mpya. Breki hazishikwi mfululizo: bana zote mbili kwa nguvu, punguza mwendo kweli, achia kabisa mpaka upepo upoze rimu, bana tena. Na breki inafanya kazi yake kabla ya kona; ukishaingia kwenye kona vidole vinatulia, pedeli ya nje iwe chini na uzito wako juu yake, macho yanatazama mwisho wa kona na si jiwe lililo mbele ya tairi. Ukilitazama jiwe utalikanyaga.

Ukitaka kuona wanaojua kushuka, watazame vijana wanaoteremsha mkaa na kuni kwa baiskeli nzito zile za kawaida. Gunia mbili nyuma, moja limelazwa juu. Penye ukali hawapandi. Wanashuka, wanatembea upande wa juu wa barabara, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika gunia, na baiskeli wanairudisha nyuma kwa uzito wa mwili, hatua kwa hatua. Penye nafuu wanapanda na kukanyagia kandambili kwenye tairi. Wamefanya hivyo mara mia na wanajua kila kona. Kama wao wameshuka kutembea, nawe shuka.

Na hapo ndipo barabara yetu inapoachana na ile uliyoiona kwenye simu. Kutokuwa na magari si kutokuwa na watu. Njia ya kijiji asubuhi ni ukumbi: wanafunzi watano wameshikana mikono kukata barabara nzima, mzee na mbuzi wake, mama mwenye kuni kichwani ambaye hawezi kugeuza shingo kukutazama. Baiskeli ya resi haina mlio, na inakuja kwa kilomita 40 kwa saa. Funga kengele, ya mlio mkubwa. Ita kutoka mbali: "Hodi jamani, napita kulia!" Punguza mpaka mwendo wa mtu anayetembea haraka, salimia, ndipo upite. Kumsalimia mtu mzima ukiwa umeshasimamisha miguu ni adabu, na pia kunakupa nafasi ya kuuliza mbele kukoje. Habari za njia za mlimani nimezipata zote kwa shikamoo.

Umeniuliza mwishoni mwa ujumbe wako kuhusu mavazi, kwa aibu naona. Usione aibu. Suruali ya kubana ndani, gauni fupi au shati refu juu, mtandio umefungwa ukaishia ndani ya kola. Kitu kimoja tu ndicho hatari: kitambaa kinachoning'inia. Khanga ikidakwa na cheni au spoku, unaanguka kabla hujajua. Kama unataka khanga ya kujifunga ukifika, iviringishe uifunge chini ya kiti.

Sasa la kufungiwa barabara. Ulichoona ni kweli. Kule Italia barabara ya Stelvio inapanda hadi mita 2,758 juu ya bahari. Ukianzia kijiji cha Prato una kona kali 48 katika kilomita kama 24, na kila mwaka wanatenga siku ambayo magari hayaruhusiwi, wanapanda baiskeli tu. Kwenye milima ya Dolomiti wanafunga njia nzima ya kupita mapito manne, yaani mahali barabara inapovukia mlima. Ufaransa wanafunga mapito mengine asubuhi chache za kiangazi, kwa saa chache tu. Na si Ulaya peke yake: Bogotá, mji wa Colombia ulio milimani, umekuwa ukifunga baadhi ya barabara zake kwa ajili ya baiskeli tangu 1974, na sasa ni kila Jumapili.

Lakini angalia ni barabara gani wanazofunga kule milimani. Stelvio inafungwa na theluji yenyewe, kuanzia kama Novemba hadi Mei. Wenyeji wameshazoea kuishi nusu mwaka bila hiyo na wana njia nyingine ya kuzunguka. Magari ya pale kiangazi mengi ni ya watalii. Ukiifunga siku moja hakuna mgonjwa anayekwama. Bonde letu la Lukuledi lina barabara moja tu ya maana, na mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Ndanda anapita hapo hapo. Mimi sitakuunga mkono kuomba ifungwe, hata kwa saa moja, na naamini ukifikiri hutaomba.

Barabara ya TARURA ni jambo jingine, na hilo nitakusaidia kwa mikono miwili. Tafuta kipande cha kilomita nane hadi kumi na mbili kinachopanda, chenye njia mbadala kwa wenye pikipiki. Usifikirie siku nzima. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi panatosha, Jumamosi ya Agosti, isiwe siku ya gulio wala karibu na mitihani. Anza na serikali ya kijiji kabla ya barua yoyote, kaa nao kwenye mkutano, waulize siku ipi ina harusi au msiba wa arobaini. Wakikubali, ndipo uandike kwa TARURA wilayani na kwa kikosi cha usalama barabarani, ukieleza saa, ramani, na mpango wa kumpitisha mgonjwa. Watoto wa kijiji waingie na baiskeli zao za kawaida, hata zile zisizo na breki, kwa mwendo wa kupanda tu. Juu tutawashusha kwa kutembea, wamezishika mkononi kama vijana wa mkaa.

Kwa mwaka huu lakini nakupa ratiba ndogo. Wiki nne kwenye mawe ya Masasi. Kisha Jumamosi moja panda kosta mpaka Ndanda, baiskeli juu ya keria, uizunguke miguu ya mlima kwa njia za vijiji mpaka saa tatu, urudi kwa kosta. Fanya hivyo mara tatu. Baada ya hapo tutapanda Newala, mimi na wewe na yeyote utakayempata, tukianza kwa gari mpaka karibu na mlima ili miguu iwe mipya. Tukifika juu nitakupeleka Shimo la Mungu, ukingoni kabisa, ambako ardhi imekatika na bonde la Ruvuma limelala chini mpaka Msumbiji. Tutakaa hapo mpaka rimu zipoe na mikono iache kutetemeka, kisha tutashuka taratibu.

Kabla ya yote hayo, kesho toa raba zako za breki uzitazame. Za mtumba huwa zimekaa miaka, zimekuwa ngumu na zinang'aa kama kioo. Ikwaruze moja kwa kucha: kucha ikiteleza bila kuacha alama, zitupe zote nne ununue mpya, na usiende hata Mtandi mpaka zifungwe.